Nilimfundisha Shemeji Ngumi, Zikaishia Mbavuni mwa Dada Yangu

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, baba wa watoto wanne, fundi wa magari kwa kazi, Mkristo kwa ubatizo. Ninaishi mlimani karibu na Nyamitaba, mahali ambapo babu zangu walilima maharagwe na mihogo kabla sijazaliwa.

Ninaandika haya nikiwa na hasira. Sitaficha. Padri wetu aliniambia nisubiri hasira ipoe kwanza, ndipo nishike kalamu. Nimesubiri miaka miwili... haijapoa! Basi nisomeni hivi hivi nilivyo.

Hasira yangu ina watu wawili. Wa kwanza ni mume wa dada yangu. Wa pili mtamjua wenyewe mkisoma.

Nilikaa Bukavu miaka tisa, nikifanya kazi katika garaji ya kamyo. Jioni, baada ya kuosha mafuta mikononi, mafundi wengine walienda kwenye pombe. Mimi nilienda kwa Papa Morisi, mzee mmoja aliyekuwa bondia zamani huko Stanleyville. Alikuwa na chumba nyuma ya nyumba yake, kimejaa vyuma vya kuinua, na gunia la mchanga limening'inia kwenye boriti. Hapo ndipo nilipojijenga. Niliingia nikiwa mwembamba, nikatoka na kifua ambacho watu waligeuka kukitazama barabarani. Wasomaji, msinicheke... mtu aliyezaliwa mlimani, anayeitwa kila siku "wewe, njoo hapa", anapoona watu wanageuka kumtazama, analewa kuliko aliyekunywa kasiksi ya ndizi debe zima!

Kisha baba yangu akafa. Mama akabaki peke yake na mashamba. Mimi ni mtoto wa kwanza, nilipaswa kurudi. Nikaaga garaji, nikamchukua mke wangu Marsiana na watoto, tukapanda mlimani.

Mnajua nilichokililia nilipoondoka Bukavu? Si taa za umeme. Si mkate wa asubuhi. Nilikililia kile chumba cha Papa Morisi! Nikasema moyoni: kama siwezi kurudi kwenye chumba kile, nitajenga changu nyumbani.

Bosi wangu wa garaji alikuwa amenipa zawadi ya kuagana, ekseli ya kamyo iliyoanguka kwenye barabara ya Hombo. Hiyo ikawa fimbo yangu ya kuinulia. Lakini fimbo bila uzito ni fimbo tu. Mjomba wangu alikuwa anafanya kazi kwenye mgodi mmoja huko Walikale, akaniletea habari kwamba kuna magurudumu ya vigari vya kubebea mawe, yamepasuka, yametupwa, na mkubwa wake amekubali niyachukue.

Nilikwenda Walikale na mume wa dada yangu. Hapo ndipo ninapaswa kuwaambia habari zake.

Anaitwa Ladisilasi. Tulikua pamoja, tukachunga mbuzi pamoja, tukapata komunyo ya kwanza siku moja. Nilipokuwa Bukavu alimwoa dada yangu mdogo, Adela, kanisani, mbele ya watu wote. Nilifurahi. Nilijua dada yangu yuko kwa mtu wetu. Lakini Ladisilasi alikuwa mwembamba sana, kifua kimeingia ndani, na watu wa mlima walimwita Ufito. Kapita, msimamizi wa shamba la mzungu lililoko bondeni alipochagua watu wa kazi, alimruka yeye kila mara kama mtu anayeruka dimbwi la maji. Mara mbili alirudi nyumbani na jembe lake begani, watu wakimwona.

Kutoka Walikale tulipanda kamyo mpaka mahali ambapo barabara ilikuwa imekatwa na mvua, halafu tukabeba magurudumu mabegani kupanda mlima. Ladisilasi alishindwa. Aliweka gurudumu lake chini, akakaa juu yake, akaanza kukohoa. Wanawake waliokuwa wakishuka na mihogo walimcheka. Mimi nikalichukua gurudumu lake nikaliongeza juu ya langu. Hakuniambia asante. Alitembea nyuma yangu mpaka tulipofika, kisha akaniomba kitu kimoja tu. Aliniomba nimfanye awe kama mimi.

Nikamwambia nitamfanya. Ee Mungu, kwa nini sikuukata ulimi wangu!

Chumba nilikijenga mahali ambapo baba alikuwa akifunga mbuzi. Nilipandisha paa, nikatandaza mawe meusi ya volkano chini na kuyashindilia kwa udongo. Nilisimamisha nguzo mbili za mikaratusi na kulaza ya tatu juu, ya kuning'inia na kujivuta. Ubao mnene nilioupata kwa wapasua mbao ukawa benchi. Gunia la kahawa nililijaza mchanga na maganda ya maharagwe, nikalining'iniza. Na ukutani niliweka kioo cha kamyo, kile cha dereva cha kutazamia nyuma. Wanaume walikuja kutoka mbali kutazama tu kile kioo!

Mama yangu alisimama mlangoni siku ya kwanza, akanitazama nikiinua ekseli mpaka jasho likanichuruzika, nikaishusha. Akaniuliza:

"Unainua ile chuma, unairudisha palepale. Sasa umevuna nini?"

Niliona ni swali la mwanamke mzee wa shamba. Nilicheka. Leo ningemjibu, mama... nimevuna.

Ladisilasi alikuja kila siku baada ya kulima. Hakukosa hata siku moja. Mwanzoni hakuweza hata ekseli tupu. Miezi mitatu ikapita, akaweza gurudumu moja kila upande. Nikaona mabega yakifunguka, shingo ikinenepa, kikohozi kikaisha kabisa. Nilimfurahia kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Na kwa kuwa alitaka yote, nilimfundisha yote, hata ngumi. Namna ya kusimama. Namna ya kutoa pumzi. Nilimfundisha kitu ambacho Papa Morisi alinifundisha mimi kwa siri... kwamba pembeni, chini ya ubavu wa mwisho, mtu akipigwa pale pumzi yake inakatika, na ngozi haionyeshi kitu. Tulirudia mamia ya mara kwenye lile gunia, mimi nikilishikilia kwa nyuma, nikimwambia: chini zaidi, chini zaidi.

Nikampangia hata chakula! Papa Morisi alituambia mtu wa vyuma ale mayai manne kwa siku na maziwa ya kutosha. Nikaenda mwenyewe nyumbani kwa dada yangu, nikamwambia Adela kwamba mayai yote ya kuku wake sasa ni ya mume wake. Alinitazama akifunika mdomo kwa mkono, kama alivyofanya tangu utoto akitaka kucheka, akaitikia. Alidhani ni mchezo wa wanaume, utapita.

Haukupita.

Mara ya kwanza Adela alikuja kwangu asubuhi, jembe begani, mdomo wa juu umevimba. Nilikuwa natengeneza baiskeli ya katekista. Alisema mume wake amempiga kwa sababu bugali ulichelewa. Nilimjibu bila kuacha kazi yangu. Nilimwambia mwanaume anayeinua chuma ana njaa kama moto, asicheze naye, apike mapema. Kisha akaenda shambani.

Mwajua, wasomaji, jambo hilo silisahau... sikuweka hata bisibisi chini!

Mara ya pili ilikuwa kwenye msimu wa kuvuna maharagwe. Alinikuta barazani. Aliniambia Ladisilasi anahesabu mayai kila asubuhi na kuweka alama ya makaa juu ya kila yai, na binti yao Venansia, mtoto wa miaka mitatu, hajaonja yai tangu mvua zianze. Alisema alipomwomba yai moja kwa ajili ya mtoto, mume wake alimshika shingo na kumbana ukutani. Mimi nilicheka. Ndiyo, nilicheka! Nilimwambia avumilie, mume wake akipata kazi ya ukapita watakula mayai mpaka wayachoke.

Mke wangu Marsiana alikuwa akipukuchua maharagwe karibu nasi, akasikia yote. Adela alipoondoka, Marsiana aliniambia kwa sauti ndogo:

"Mwanaume mwenye anaweka makaa juu ya yai, iko anaweka makaa juu ya bibi yake pia. Unamuharibia dada yako."

Nilimkemea. Nilimwambia hajui mambo ya michezo. Nilimwambia ana wivu kwa sababu wageni wanakuja kwangu na si kwa kaka zake. Tangu siku ile alikuwa akitenga mayai ya kuku wetu na kumpelekea Venansia ameyafunga kwenye kitambaa, mimi nikijua na kujifanya sijui.

Nisiwadanganye. Nilikuwa nimeona. Nilimwona Ladisilasi kwenye kasiksi akimwangusha jirani kwa sababu ya neno dogo tu, kisha akageuka kunitafuta kwa macho, kuona kama nimeona ngumi ilivyokuwa safi. Na mimi nilimtikisia kichwa kwamba ilikuwa safi! Nilijua mtu huyu anachokibeba ndani. Lakini alikuwa kazi yangu. Watu walisema, tazama alichomfanya Ufito, na mimi nilikula maneno hayo kama asali. Mtu anachomaje asali yake mwenyewe?

Mara ya tatu...

Mara ya tatu Adela alikuwa na mimba ya miezi sita. Ilikuwa imebaki wiki mbili kufika sikukuu ya Asunta, ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Siku hiyo, baada ya misa, tulikuwa tumekubaliana na wakubwa kwamba Ladisilasi atainua vyuma mbele ya watu wote, na mzungu wa shamba, aliyekuwa akitafuta kapita mwenye nguvu, angekuja kutazama. Nilikuwa nimezunguka milima yote nikitangaza. Adela alinikuta kwenye chumba cha vyuma, peke yangu, nikipaka mafuta ekseli ing'ae.

Hakuwa na uvimbe. Uso wake ulikuwa mzima. Nilifikiri amekuja kusalimu. Lakini alitembea ameinama upande mmoja, akashika nguzo, akaweka kiganja chake pembeni, chini ya ubavu wa mwisho.

"Kaka, sasa iko ananipiga hapa," alisema. "Hapa alama haionekanaka. Nikisema, batu watasema ninadanganya. Unifiche kwako, mimi na mutoto."

Wasomaji, nilipajua mahali pale! Nilipajua kwa kipimo cha vidole! Mimi ndiye niliyeshika gunia na kusema chini zaidi. Dada yangu alikuwa ananionyesha somo langu mwenyewe juu ya mwili wake, naye hakujua kwamba ni langu.

Mtu mwenye moyo angefanya nini? Angefunga ule mlango, angemwingiza ndani, angetuma watu wakamlete Venansia. Mimi nilifanya nini? Niliona aibu... na aibu ikanituma kwenye sikukuu yangu. Nilifikiri, nikimficha sasa, Ladisilasi atakasirika, hatakuja Asunta, nitachekwa milima yote. Nikamjibu:

"Uvumilie kwanza mpaka sikukuu ipite. Nitasema naye mimi mwenyewe."

Hakulia. Aliniuliza kama nimemsikia vizuri, nikasema nimemsikia. Akaondoka akishika ubavu wake.

Sikusema naye. Nilimwona Ladisilasi jioni ile ile, na ya kesho, na ya keshokutwa. Nilihesabu naye pumzi. Sikutamka neno!

Sikukuu ikafika. Watu walijaa mpaka kwenye ukingo wa msitu. Ladisilasi alivua shati. Aliinua ekseli ikiwa na magurudumu mawili kila upande, juu ya kichwa, akaishikilia mpaka katekista akamaliza kuhesabu hadi kumi. Wanawake walipiga vigelegele. Yule mzungu alimwita, akamshika bega, na palepale akamfanya kapita wa banda la kukaushia maua ya pareto. Ufito, kapita! Watu walinibeba mimi pia juu juu. Kutoka juu kule nilimwona Adela amekaa kwenye majani pembeni na wanawake wengine, amemshika Venansia mapajani. Wote walipiga makofi. Yeye hakupiga.

Siku ya nne baada ya sikukuu, adhuhuri, jirani yao Mama Felisita alikuja akikimbia. Aliniambia nije na machela.

Mambo yalikuwa hivi, kama Adela alivyosimulia baadaye. Venansia alikuwa na homa, hakuwa amekula tangu jana yake. Adela alimchemshia yai moja. Moja! Ladisilasi alirudi kutoka kazini kula, akahesabu, akakosa moja lenye makaa. Hakupiga kelele. Alimtuma mtoto nje. Kisha akampiga mke wake kama nilivyomfundisha, miguu imesimama vizuri, pumzi inatoka vizuri, chini ya mbavu. Akamaliza mayai yake, akarudi kazini.

Nilimkuta dada yangu amelala ubavu, damu imelowesha mkeka. Venansia amekaa kizingitini anasubiri kuambiwa aingie.

Tulimbeba watu wanne mpaka kwenye barabara ya magari, Marsiana na mama wakikimbia nyuma. Mungu alituletea kamyo ya kabichi iliyokuwa inashuka ziwani. Dereva alimwaga nusu ya kabichi zake kando ya barabara bila kuuliza, tukamlaza Adela, tukafika Kirotshe jua likiwa bado halijazama. Huko lopitali walimpasua haraka. Mtoto aliyekuwa tumboni alikuwa amekufa, mtoto wa kiume. Ili kumwokoa mama iliwabidi waondoe mfuko wa uzazi. Muuguzi mmoja, mtu mzima, alitoka na kunawa mikono kwenye beseni mbele yetu. Aliniuliza ni nani amempiga mwanamke huyu, kwa maana, alisema, huyu si mlevi anayerusha mikono... huyu amejifunza mahali.

Mama alinitazama. Nilitazama ziwa.

Adela alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hatazaa tena!

Nilimwacha na mama, nikapanda mlima peke yangu. Njia nzima nilikuwa ninazungumza kama mwenda wazimu. Sikwenda nyumbani. Nilienda moja kwa moja kwenye banda la pareto. Kulikuwa na wafanyakazi kama thelathini wakigeuza maua kwenye vichanja. Ladisilasi alikuwa amesimama katikati yao na kofia mpya ya ukapita. Aliponiona alielewa.

"Shemeji, usikuje karibu," alisema taratibu. "Ni wewe njo ulinifundisha."

Nilimrukia. Nilitaka kumuua, siwafichi. Lakini wasomaji, mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne, na tangu sikukuu ianze kukaribia nilikuwa nimeacha kujifunza, kazi yangu ilikuwa kumfundisha yeye tu. Ngumi yake ya kwanza ilinipata pale pale, chini ya ubavu. Pumzi ikaniisha. Ndipo nilipojua dada yangu alichokijua! Ya pili ilinivunja taya. Nilianguka juu ya maua. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Na sasa sikilizeni haki ya dunia hii. Aliyekamatwa alikuwa nani? Mimi! Polisi wa chefu walinifunga kamba kwa kosa la kumshambulia kapita kazini. Nilikaa buloko siku ishirini na moja, nikifyeka majani kando ya barabara, taya limefungwa kitambaa. Ladisilasi alipita kila asubuhi kwenda bandani. Kila asubuhi alinivulia kofia.

Alipoulizwa juu ya mke wake, alisema aliteleza kisimani na mimba yake. Alama iko wapi? Hakuna aliyeiona alama.

Nilipotoka, familia mbili zilikutana nyumbani kwa mama. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, ndiye aliyetusemea. Upande wa Ladisilasi walileta kasiksi, wakasema nyumba zote zina maneno, mtoto aliyekufa ni mapenzi ya Mungu, mke arudi akipona. Baba mkubwa alikuwa anaitikia. Alisema ng'ombe wa mahari ya Adela walishazaa hapa kwetu, na ndoa ya kanisani haifunguliwi. Adela alikuwa amekaa nyuma ya mlango na mama, amefunikwa blanketi. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Niliomba kusema. Taya langu lilikuwa bado linauma, nilisema polepole. Nilisema kwamba hakuteleza kisimani. Nilisema alikuja kwangu mara tatu na mara tatu nilimrudisha. Nilisema mahali alipopigwa ni mimi niliyemwonyesha Ladisilasi kwa vidole vyangu, kwenye gunia, na mayai yale ni mimi niliyeyaamuru. Nilisema kama wanataka mtu aliyemuua mtoto yule, sisi tuko wawili, mmoja yuko hapa.

Ladisilasi alitazama chini kwa mara ya kwanza.

Baba mkubwa aliniambia nikae, ninaaibisha familia. Nilikataa kukaa. Alinyanyua fimbo yake, nikamwambia anipige, lakini dada yangu hatatoka kwenye nyumba ile akiwa hai kwenda kwa mtu yule. Ndipo Adela alipotoka nyuma ya mlango, ameshika ukuta, akasema mwenyewe hatarudi. Alisema mara moja tu. Wazee walinywa kasiksi yao wakaondoka wamekasirika. Mpaka leo baba mkubwa hapokei salamu yangu.

Je, tulishinda? Hapana... Tulimsahau Venansia!

Tulipokuwa tunakimbia na machela, sisi watu wazima sita, hakuna aliyemshika mkono mtoto yule. Tulimwacha kizingitini. Wiki ile tulipokuwa Kirotshe, Ladisilasi alimpeleka kwa shangazi yake, mbali, upande wa Walikale. Wazee walisema mtoto ni wa ukoo wa baba, hakuna kesi. Nimetembea huko mara mbili. Mara ya kwanza walisema hayupo. Mara ya pili nilimwona kwa mbali amebeba kuni. Walinifukuza kwa mapanga kabla hajageuka. Adela hakuniuliza amevaa nini, au amekua kiasi gani. Alinitazama tu, akisubiri niseme.

Ladisilasi bado ni kapita. Ameleta mwanamke mwingine nyumbani. Jumapili anakaa benchi la mbele.

Chumba changu kimekwisha. Mama amerudisha mbuzi wake. Vijana bado wanakuja, wanaomba niwafundishe, wanasema wataleta vyuma vyao wenyewe. Nawafukuza. Kuna mmoja, mtoto mpole, aliniambia kosa halikuwa la vyuma, nami najua ni kweli. Papa Morisi alifundisha watu ishirini, na kabla ya kumfundisha mtu alimuuliza kwanza maswali juu ya nyumbani kwake. Mimi nilipima mikono ya mtu tu. Moyo wake sikuupima, na nilipouona niligeuza uso.

Mwaka jana, wakati wa kupalilia, nilimfuata Adela shambani. Nilipiga magoti kati ya mistari ya maharagwe, mimi mwanaume mzima, nikamwomba anisamehe. Aliendelea kung'oa majani mpaka mwisho wa mstari. Kisha akarudi, akasimama mbele yangu.

"Kama nilikuja mara moja, ningekusamehe leo," alisema. "Lakini nilikuja mara tatu, kaka. Tunaishi. Tutakula pamoja. Hiyo ingine usiniombe tena."

Sijamwomba tena.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi wanaume mliotoka mjini mkarudi milimani na ujuzi wenu, mnapenda kusifiwa, nawajua, mimi ni mmoja wenu. Mfundishe mtu kazi, mfundishe kusoma, mfundishe hata kuinua chuma ukitaka. Lakini ukimwona anampiga aliye dhaifu, siku hiyo hiyo simama mbele yake, hata kama watu wote wanamshangilia, hata kama ni wewe wanakushangilia!

Na dada yako akija mlangoni kwako amevimba mdomo, weka chini hicho ulichoshika. Usimuulize bugali ulichelewa kwa nini. Usimwambie kuna sikukuu. Mwingize ndani, umpe maji, halafu toka mbio ukamchukue mtoto wake, kabla hujafanya jambo lingine lolote.